Jogoo wa Shukrani

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Aurélie Dusabimana, na ana diplome ya lishe aliyoipata Goma kwa alama nzuri kuliko wenzake wote wa mwaka ule. Leo analima maharage pamoja nami kwenye mlima ulio juu ya Kirotshe. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nawajibu vibaya, maana kila mtu anataka jibu fupi na mimi sina jibu fupi. Basi nitasema lote mara moja, wapate kuniacha.

Mimi ni Drocella, shangazi yake. Mama yake alifariki mapema, mimi nikiwa mjane tayari, nikahamia kwa kaka yangu Nzabandora kumsaidia kulea wasichana wake wawili, Aurélie na mdogo wake Mukasine. Kaka ni mtu wa jembe na wa misa ya Jumapili, hana maneno mengi. Sisi ni wa hapa Masisi tangu babu wa babu, lakini nyumbani tunasema Kinyarwanda, na katika Kivu hii hilo linatosha kukufanya mgeni kwenye shamba ulilozaliwa. Sisemi kwamba ni sisi tu. Mhunde wa Masisi akienda kutafuta kazi Walikale anaulizwa amefuata nini huko, na Mnyanga wa Walikale akija Goma anaulizwa vilevile. Ila sisi tunaulizwa hata kwetu.

Aurélie alifanya stage, mafunzo ya kazi, katika hospitali ya Kirotshe, na alipomaliza akaanza kuzunguka na dossier yake ya vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isiilowanishe. Shirika la kwanza lilimpa mtihani, akafaulu, akaitwa kuhojiwa. Bwana mmoja akashika kadi yake ya kupigia kura, akaisoma juu hadi chini.

"Uko wa wapi?" akamuuliza.

"Masisi, Papa."

"Masisi, sawa. Na mbele ya Masisi?"

"Mbele ya Masisi nilikuwa siyazaliwa."

"Na tate yako?" akauliza, maana yake babu.

"Na yeye wa Masisi. Kaburi yake iko mu shamba yetu ya maharage. Munaweza kuya kuiona."

Mabwana wakacheka kidogo, wakaandika kitu, wakamwambia watampigia. Simu yake ilikuwa imeharibika siku zile, alikuwa ameacha namba yangu, basi nikawa naibeba simu hadi shambani, hadi kisimani, hadi kanisani ambako padri alinikaripia. Haikulia.

Mwaka uliofuata alikwenda kuomba kazi mpaka Hombo. Huko mama mmoja wa ofisini, mwema kabisa, alimvuta pembeni akamshauri, "Dada, weka majina ya ubatizo tu. Aurélie-Marie. Iyi Dusabimana uiache nyumbani." Aliporudi alitusimulia akicheka, lakini baba yake hakucheka. Jina lile maana yake ni tumwombe Mungu, na alimpa siku ambayo mkunga mwenyewe alikuwa amekata tamaa. Mimi nikasema aandike kwa Kiswahili, Aurélie Tumwombe-Mungu, tuone kama watamfukuza na Mungu. Kaka akaniambia ninyamaze, nikanyamaza.

Nilimwona mtoto akianza kubadilika. Zamani akirudi kutoka kwenye mtihani alikuwa akituambia maswali yote na majibu aliyotoa. Sasa akirudi alikuwa anavua viatu, anachukua ndoo, anakwenda kuchota maji. Binamu yake Théogène, mwenye lisanse, shahada ya chuo kikuu, ya sheria, alikuwa amekwisha acha kutafuta. Anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na abiria wakimkorofisha anawatajia vifungu vya sheria katikati ya barabara. Aurélie alikuwa akimcheka. Ikafika siku akaacha kumcheka, nami nikaogopa.

Ndipo ikatokea kazi ya Mubi. Shirika moja lilikuwa linatafuta msimamizi wa lishe ya watoto huko Walikale, ndani ya msitu, kwenye mji ule wa maduka na malori yanayohudumia machimbo. Kaka hakutaka aende peke yake, basi nikafunga kitenge changu tukaondoka wote wawili. Barabara ya kupitia Masisi-kati ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, kwa hiyo tulipanda boti mpaka Bukavu, kisha tukapanda lori lililotupitisha Hombo na kutufikisha Mubi tukiwa na matope hadi masikioni. Tulipata chumba kwa mama mmoja wa kanisani.

Aurélie alifanya mtihani wa kuandika, akafanya na wa kupima watoto kwenye kituo cha afya, kisha akahojiwa. Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa Kindu aitwaye Guy, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumuuliza kuhusu babu yake. Alimuuliza mtoto aliyevimba miguu anaanza kupewa nini. Aurélie alitoka mle ndani anatembea kama msichana niliyemlea.

Siku ya kutolewa majibu tulikuwa tumekaa kwenye benchi la baraza ya ofisi. Kuta zile ni za mbao, na mbao hazifichi kitu. Walikuwa wameingia vijana wa kamati ya mji na mwenyekiti wao Trésor. Yeye naye simlaumu sana, ana diplome ya ualimu na anauza petroli kwenye chupa kando ya barabara.

"Chef, iyi kazi iko ya batoto ba hapa," Trésor alisema. "Na sisi tuko na ba diplômé. Sasa munatuletea muntu wa Masisi, na tena munajua mwenyewe iko wa namna gani."

"Iko wa namna gani?" Guy akauliza.

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Copie za mtihani zilisahihishwa bila majina," Guy akaendelea. "Ya kwanza njo yake, na ile ya pili iko mbali. Munaweza kuzisoma zote mbele ya chef wa muji. Lakini mimi siwezi kuandika muntu juu ya kabila yake, na siwezi kumufuta juu ya kabila yake."

Aurélie alikuwa ameshika goti langu, na aliliminya hadi likauma. Katika miaka yote ile ya kuzunguka, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akisema hivyo mahali ambapo kusema kulikuwa na gharama. Mimi sikujizuia, nililia pale pale kwenye benchi. Baadaye Guy alimwita ndani, akamwambia amechukuliwa, na kwamba mkataba utafika kutoka Goma aje autie saini Jumatatu.

Aurélie alimpigia baba yake siku hiyo hiyo, akamsimulia kila neno. Kaka alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza tu kama huyo Papa Guy ana mke na watoto. Tuliona ni furaha ya mzee, tukacheka.

Kwetu mlimani, mtu akikusimamia, unakwenda mpaka mlangoni kwake na kitu mkononi, hata kama ni kidogo. Hukai ukasubiri mkutane njiani. Wala humwambii kwamba unakuja, maana ukimwambia utakuwa umeomba akuandalie. Baba yetu alifanya hivyo, na kaka amefanya hivyo maisha yake yote. Nami nimefanya.

Jumatatu asubuhi tulifika ofisini mapema. Aurélie akaitwa, mlango ukabaki wazi kwa sababu ya joto, na kutoka kwenye benchi langu nilimwona ameinamia karatasi za mkataba, anazisoma moja moja na kalamu mkononi. Ndipo nilipomwona Nzabandora akija kutoka upande wa malori. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na matope ya safari yote yalikuwa juu yake. Mkono mmoja ulibeba kikapu chetu chenye mfuniko, kile cha arusi, na ndani mlikuwa na jibini mbili za Masisi. Kwapani alikuwa amembana jogoo mweupe.

Najua mnachotaka kuniuliza. Sikumzuia. Nilisimama nikampokea koti, nikamfuta matope usoni kwa kitenge changu, nikamwonyesha mlango. Mimi ni wa mlima ule ule, na niliona jambo jema tu.

Akaingia. Akaweka kikapu juu ya meza, juu ya zile karatasi, akavua kofia.

"Papa Guy, mimi njo Nzabandora, baba ya Aurélie," alisema. "Nilisikia vile ulisimama juu ya mutoto wangu. Sisi hatuko na bintu bikubwa. Iyi ni ya kukushukuru, na mama ya batoto bako."

Na jogoo yule, ambaye alikuwa amenyamaza boti nzima na lori zima, akawika. Aliwika mle ndani ya ofisi mpaka madereva waliokuwa uani wakaja kuchungulia. Watu wakacheka. Trésor alikuwa barazani akisubiri kuzungumza na mtu mwingine, na akaja dirishani na simu yake imeinuliwa, anachukua video.

"Sasa tunajua vile alikuwa wa kwanza," alisema, taratibu tu.

Nilimwona Aurélie. Alikuwa bado ameshika kalamu. Yeye alielewa kabla yetu sote, maana kanuni za shirika alikuwa amezisoma kwenye zile karatasi. Guy hakukigusa kikapu. Alivua miwani akafumba macho, kisha akamwita kaka kwa upole akamkalisha.

"Papa, ungelingoya mwezi moja tu, tungelikula iyi kuku pamoja, mimi na wewe," alisema. "Lakini leo mukataba haiyatiwa saini. Ku kazi yetu, muntu wa famille akileta kitu mbele ya saini, wanaita ile kununua kazi."

"Kununua?" kaka akauliza. "Na kuku moja?"

"Hata na yai, Papa."

Guy alipiga simu Goma, na mimi ni shahidi kwamba aliongea muda mrefu na kwamba alipaza sauti. Tulisubiri barazani. Lakini ile video ilikuwa imefika Goma kabla ya maneno yake. Alasiri akatoka nje, akasimama mbele ya Aurélie, akamwambia kwamba jina lake limeondolewa na kwamba watamchukua wa pili. Alisema anaomba msamaha. Alimpa na kaka mkono, kwa mikono yote miwili, na kaka akaupokea bila kuinua macho.

Kuna kitu nitakisema, na asiyekipenda asikipende. Baba wa msichana wa Mubi angeingia na jogoo katika ofisi ile, watu wangesema tazama mzee alivyofurahi, wangemrudisha nyumbani na jogoo wake na kazi ya binti yake ingebaki. Jogoo wetu ndiye mwenye kabila. Lakini ni kweli pia kwamba Guy alikuwa ametusimamia peke yake, na sisi ndio tuliowapa wapinzani wake fimbo ya kumpigia. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yananikaba.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Kaka alimbeba jogoo mpaka Hombo, na pale akampa mwanamke aliyekuwa anauza mkaa. Nilimwambia ale, hakula. Kwenye boti alikaa akiyatazama maji, nami nilikaa karibu naye sana kwa sababu sikupenda jinsi alivyokuwa akiyatazama.

Nyumbani ikawa mbaya zaidi. Mvua ya kupanda ilifika, jirani zetu wote wakawa shambani, naye amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Nikimpelekea bugari, ugali wetu, anaigusagusa tu kwa mdomo anairudisha. Nguo zikaanza kumpwaya mwilini. Jambo moja tu ndilo alilokuwa akisema, na alilisema kwa yeyote, kwa padri, kwa Théogène, kwa mbuzi.

"Banadamu bote balimukataa mutoto wangu, akapata moja mwenye kumukubali. Na mimi nilifunga safari ya mbali, nikaenda kumuharibia."

Aurélie alikuwa anasikia hayo kila siku. Alimwambia baba yake kwamba hakufanya kosa, baba hakusikiliza. Alimwambia zitatokea kazi nyingine, naye akatikisa kichwa. Mukasine, ambaye alikuwa anajiandaa kuingia mwaka wa mwisho wa sekondari, aliacha vitabu vyake akawa anakaa karibu na baba, kumlinda.

Asubuhi moja tukiwa jikoni, kaka ameinama juu ya chai iliyopoa, Aurélie akachuchumaa mbele yake akamshika magoti.

"Papa, kuna kitu nilikuficha," alisema. "Ile kuku haikuharibu kitu. Mbele ufike balikuwa bamekwisha kunikataa."

Kaka aliinua uso.

"Guy aliniita ile asubuhi, mbele ufike, akaniambia polepole: sisi hatutaki bantu ba kabila yenu hapa. Balitafuta tu sababu ya kusema mbele ya bantu. Sikukuambia juu ya kukuhurumia."

"Guy?" kaka akauliza. "Ule Guy?"

"Ndiyo, Papa. Ule ule."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilijua ni uongo, maana nilikuwa kwenye lile benchi na niliyasikia yote kwa masikio yangu. Aurélie alinitazama mara moja juu ya bega la baba yake, na macho yake yaliniomba. Nikageukia sufuria.

Kaka alivuta pumzi ndefu mno. Mabega yake yalishuka. Alisema, "Kumbe ni ile ile ya kabila," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeteremshiwa mzigo. Nitasema wazi nilichohisi: nilihisi aibu kwa ajili ya nchi nzima, kwamba baba anaweza kuambiwa mtoto wake amekataliwa kwa sababu ya damu aliyompa, na hiyo ikawa habari ya kumponya. Lakini ilimponya. Aliimaliza ile chai. Alikula viazi viwili, akaomba na maharage. Siku ya pili alichukua jembe.

Tuliishi vizuri majuma machache. Aurélie naye alianza kucheka kidogo. Ila neno lililosemwa jikoni halibaki jikoni, na kaka aliyekuwa hasemi, sasa alikuwa na la kusema. Aliwasimulia watu baada ya misa. Aliwasimulia kwenye kasiksi, pale wazee wanapokunywa. Jina la Guy likazunguka mlima mzima, na siku moja nilimsikia kijana wa jirani akilitema chini pamoja na mate, kijana ambaye hajawahi kufika Walikale. Mtu pekee aliyetusimamia. Nilirudi nyumbani nikafanya kelele na sufuria, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kufanyia kelele.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Mukasine alikuwa amefua shati lake jeupe na kulianika kwenye ua. Yeye ndiye mwenye kichwa cha hesabu katika familia yetu, na mwalimu wake alikuwa ametuambia kwamba akifanya mtihani wa serikali, tutaona. Tulikuwa tunakula wote wanne, mchana, mlangoni.

"Mukasine," baba yake akamwambia, "iyi mwaka utabaki na sisi mu shamba."

Mukasine akadhani anatania.

"Na masomo, Papa?"

"Masomo ya kufanya nini? Dada yako alisoma mpaka mwisho. Alikuwa wa kwanza, mbele ya bote. Hata ule balisema iko muntu wa haki alimukataa juu ya kabila. Kama iko damu, diplome itafanya nini? Sitaki wakufanyie na wewe vile."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa mapenzi, na mkono wake ulikuwa kichwani mwa mtoto. Mukasine hakubisha. Alimtazama dada yake, akisubiri, kwa sababu siku zote Aurélie ndiye aliyekuwa akimtetea katika mambo ya shule.

Aurélie aliweka tonge chini. Alifungua kinywa. Mbele yake alikuwa baba yake, amenenepa kidogo tena, anatafuna sombe ya majani ya muhogo, mtu aliyerudi kutoka mahali ambapo nusura asirudi. Niliona maneno yakimfika kwenye meno.

"Papa," alisema.

"Nini, mutoto wangu?"

"Hapana kitu, Papa."

Siku chache baadaye tulipanda shamba la juu, sisi wanawake watatu, kaka akiwa amekwenda kukata miti ya kuegemezea maharage. Mimi nilitangulia na jembe nikichimba mashimo, Aurélie akitia mbegu, Mukasine akifukia. Watoto wa shule walikuwa wanapita barabarani chini, na mashati yao yalionekana. Mukasine hakuwatazama. Aliendelea kufukia mpaka tukafika karibu na kaburi la babu yao, ndipo akauliza bila kuinua kichwa.

"Dada, ule Guy alisema vile kweli?"

Niliacha kuchimba. Baba yao hakuwapo, hakuna aliyekuwa karibu, na nilidhani sasa atasema, atamwambia huyu mmoja tu. Lakini Mukasine hajui kuficha kitu, tangu akiwa mdogo. Angejua yeye asubuhi, baba angejua jioni.

Aurélie alitia mbegu kwenye shimo lililofuata.

"Alisema," akamjibu.

Mukasine akafukia shimo kwa mguu, akahamia jingine.